Radi, Kumbikumbi na Trauti: Mwongozo wa Kuvua Msimu wa Mvua kwa Wanaotoka Nairobi

Maji mazuri ya mvuvi wa Nairobi, yule anayevua kwa mshipi siku za mapumziko, yako milimani au Bonde la Ufa, na msimu ambao samaki wanakula vizuri ndio huohuo ambao radi hupiga sana. Machi hadi Mei ni masika, Oktoba hadi Desemba ni vuli. Mvua inayowatoa kumbikumbi ardhini ndiyo inayofurisha mto Gatamaiyo na kukulowesha hadi mifupani pale bwawa la Sasumua. Wengi hudhani lazima wachague: ama wavumilie radi ili wasikose samaki, ama wabaki mtaani wakitazama mpira. Hakuna haja. Karamu yenyewe huwa baada ya mvua, si wakati inanyesha, na anayeondoka mtoni mapema bila ubishi ndiye anayekuwa mkavu, ana nguvu, na yuko karibu na maji karamu inapoanza. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hoja hiyo.

Nimewafikiria hasa wanaokwenda kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwenye mito ya milima ya Aberdare na bwawa la Sasumua, kisha nikaongeza sehemu fupi ya wale wa Ziwa Naivasha. Kabla ya yote, maliza mambo ya vibali: leseni ya uvuvi ya Idara ya Uvuvi, ruhusa ya Huduma ya Misitu kama unaingia msituni, ya Huduma ya Wanyamapori kama ni ndani ya mbuga, na ya wasimamizi wa bwawa kama ni maji ya kunywa ya jiji. Uliza pia kama chambo hai kinaruhusiwa pale unapokwenda au ni nzi bandia tu, yaani ndoano iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu.

Hatua ya 1: Panga saa zako usiku wa kabla

Mawingu ya radi ya nyanda za juu hupikwa na jua. Asubuhi huwa shwari. Ardhi ikishapata joto, hewa yenye unyevu hupanda kufuata mteremko wa Aberdare, na kufikia saa tano au saa sita utaona mawingu meupe yakirundikana juu ya ukingo. Kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni ndipo mengi hupasuka. Si kila siku huwa hivyo, lakini ni mara nyingi vya kutosha kukupangia ratiba: ndoano iwe majini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa saba mchana uwe umeshajua gari liko umbali gani kutoka ulipo. Ukiondoka Nairobi saa kumi alfajiri kwa Waiyaki Way, unapita Kimende barabara ikiwa tupu, unakata kulia Flyover kuelekea Njabini, na unafika Sasumua kukipambazuka.

Idara ya Hali ya Hewa, ile yenye makao Dagoretti Corner, hutoa utabiri wa kila siku na wa wiki. Usome, ila usisome wa Nairobi. Sasumua iko Nyandarua, Gatamaiyo iko Kiambu, Naivasha iko Nakuru. Na kwa mto, linalokuhusu zaidi ni kule unakotoka. Jua linaweza kuwaka juu ya kofia yako huku mvua ya mawe ikimwagika kilomita kadhaa juu ya msitu, na maji hayo yote yanakuja kwako. Programu za simu zenye vijipicha vya wingu hukadiria eneo pana mno. Mimi huzitumia kujua kama siku itakuwa na radi, si kujua itafika saa ngapi.

Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda mto gani, utaegesha wapi, na saa ambayo akipita bila kusikia kutoka kwako aanze kupiga simu. Mtandao hukatika mabondeni, kwa hiyo "nitakupigia" haitoshi.

Hatua ya 2: Mkoba

Koti la mvua lenye kofia linapatikana Gikomba kwa bei ya chini kuliko la dukani, na mara nyingi ni zuri zaidi. Pindua ndani uangalie kama mishono imepigwa utepe wa kuzuia maji. Sweta la sufi au fulana nzito, kwa sababu juu huko baridi ikikukuta umelowa na upepo unavuma, mikono hufa ganzi ndani ya dakika chache na huwezi hata kufunga fundo. Nguo kavu za kubadilisha ziache ndani ya gari. Tochi ya kichwani. Filimbi. Chai ya tangawizi kwenye chupa.

Simu na funguo za gari ziweke kwenye mkebe unaofungika vizuri. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, pamoja na chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Askari langoni huangalia.

Dawa ya kufukuza wadudu ipake kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Nyingi zina kemikali inayolainisha plastiki. Ikigusa mshipi wako, mshipi unaharibika, na ikigusa chambo, samaki anakitema.

Hatua ya 3: Ukifika, soma mahali kabla ya kufungua fimbo

Kwanza tazama mlima. Kisha mwulize mtu wa pale, maana mzee anayechunga kondoo kando ya bwawa Njabini hahitaji simu kukujibu.

"Habari ya asubuhi, mzee? Leo itanyesha?"

"Njema, kijana. Unaona mlima umevaa kofia? Hiyo si neno. Ukiona kofia imeshuka hadi mabegani, funga vitu vyako uende."

Mlima anaousema ni Kinangop, kilele cha mita 3,906, na kofia ni wingu linalotulia juu yake karibu kila siku ya msimu. Likibaki juu, una muda. Likianza kuteremka na upande wake wa chini ukageuka mweusi uliosawazika, hesabu ya mzee ni sahihi.

Kwenye mto, fanya jambo moja ambalo halikuchukui hata dakika: chomeka kijiti mchangani pale pale maji yanapogusa ukingo, ukikate alama kwa kisu usawa wa maji. Kila baada ya robo saa kitupie jicho. Maji yakipanda upana wa kidole bila mvua kunyesha ulipo, kuna kitu kimetokea juu, na umepata taarifa kabla ya yule anayengoja kuona wimbi.

Mwisho, vua upande ule gari liliko. Kama lazima uvuke, chagua sehemu ambayo utaweza kuirudia hata maji yakiwa yamepanda kuliko sasa. Kama hakuna sehemu ya namna hiyo, usivuke.

Hatua ya 4: Wajue wadudu wa hapa, si wa vitabuni

Trauti wetu ni wageni. Mababu wa trauti wa kahawia waliletwa kama mayai kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905 kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, wakaachiliwa mto Gura. Samaki walikuja, kalenda yao haikuja. Vitabu vya Uingereza vitakwambia mdudu fulani huibuka mwezi wa Mei, mwingine Septemba. Hapa hatuna majira ya baridi kali yanayowafunga wadudu wote kisha kuwafungulia kwa pamoja. Kwenye mito ya ikweta, wadudu wadogo wa majini huibuka kidogo kidogo mwaka mzima, na kinachowafanya watoke kwa wingi ni mvua, joto la siku, na kwa baadhi yao mwezi wa angani. Kule Ziwa Victoria, kwa mfano, kuna mdudu aitwaye Povilla adusta ambaye huibuka kwa makundi siku chache baada ya mwezi mpevu, wakati wingi wa wale wadudu wa ziwani wanaofanana na mbu lakini hawaumi hufuata mwezi mwandamo. Kwa hiyo achana na kalenda ya kigeni, fungua macho.

Inua jiwe la ukubwa wa ngumi kutoka kwenye maji ya kasi, uligeuze. Utaona vitu vya namna mbili. Wa kwanza ni vidudu bapa wenye miguu sita na mikia miwili au mitatu myembamba, wanaokimbilia upande wa chini wa jiwe ukiwamulika. Hao wakikomaa hupanda juu ya maji, huchuna ngozi, na hukaa usoni pa maji wakiwa wamesimamisha mabawa yao wima. Wa pili ni vifuko vidogo vya mchanga na vijiti vilivyogandishwa, na ndani yake mna mdudu laini. Huyo akikomaa mabawa yake hulala mgongoni kwa mteremko, na hupenda kuruka ovyo ovyo juu ya maji jioni. Rudisha jiwe lilivyokuwa. Ukiwa na nzi bandia mdogo, ndoano namba 14 au 16 (namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo), wa rangi ya kahawia iliyokolea, umeshafunika mahitaji ya asubuhi karibu yote. Wanaobeba visanduku vyenye nzi wa kila rangi ya dunia wanafurahisha macho yao zaidi kuliko samaki.

Ndege watakusaidia kuliko jiwe. Mbayuwayu wakishuka na kupita chini kabisa juu ya bwawa, wakirudi rudi mstari uleule, pale pana wadudu wanaibuka. Tupa mshipi mbele ya mstari huo.

Halafu kuna kumbikumbi, na huyu ndiye anayestahili nafasi kubwa zaidi kwenye akili ya mvuvi wa Kenya. Si mdudu wa majini. Ni mchwa wenye mabawa, dume na jike, wanaotoka kichuguuni mvua ikishalowesha ardhi ili wakaanzishe makao mapya. Ana mabawa manne yaliyo sawa kwa urefu, marefu kuliko mwili wake, na anaruka vibaya. Upepo mdogo tu unamtupa majini. Ana mafuta mengi, hana sumu, hana mwiba, hakimbii. Samaki akishaonja wawili watatu huacha kuangalia kitu kingine. Nitarudi kwake kwenye hatua ya 7, maana kabla yake kuna radi ya kuvuka.

Hatua ya 5: Radi ikitangaza, ondoka

Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Sekunde thelathini ni kama kilomita kumi, na kutoka umbali huo radi inayofuata inaweza kukufikia wewe. Ikiwa hesabu ni thelathini au chini, kuvua kumekwisha kwa sasa. Wala usisubiri matone. Radi hupiga pia pembeni mwa mvua, mahali pakavu.

Tatizo la mtoni ni kwamba maji ya kasi huficha sauti, na bonde huficha anga. Ukiwa chini ya maporomoko, ngurumo ya kwanza unayoisikia huenda ni ya tatu au ya nne. Ndiyo sababu nasisitiza kutazama wingu na kijiti kila robo saa badala ya kutegemea masikio. Upepo wa baridi ukikupiga ghafla kutoka upande wa wingu wakati hewa ilikuwa imetulia, huo ni upepo unaomwagika kutoka kwenye dhoruba yenyewe. Una dakika chache.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Vuta mshipi, shusha fimbo. Fimbo nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Ukiwa umeisimamisha kando ya bwawa lililo wazi, wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo. Ibebe ikiwa imelala, ncha ikielekea nyuma. Kama umesikia fimbo ikivuma, au mshipi ukainuka wenyewe hewani usitake kushuka, au nywele za mikono zikasimama, usibebe chochote: iangushe palepale.

Toka majini, shuka kutoka kwenye vilima na kingo zilizo juu, nenda kwenye gari. Gari lenye paa la chuma na vioo vilivyofungwa ni kinga nzuri. Bati lake hupitisha umeme nje yako hadi ardhini. Matatu vilevile. Bodaboda hapana. Kaa mikono mapajani, usishike mlango wala redio.

Kama gari liko mbali, usikimbilie mti mmoja uliosimama peke yake, na usiingie kwenye kibanda cha mabati kisicho na kuta, kile cha kuchomea nyama kwenye mabwawa ya kulipia huko Kiambu. Kinazuia mvua tu. Jitenge na uzio. Milima ya Aberdare imezungushiwa uzio wa umeme uliokamilika mwaka 2009, na radi ikipiga waya sehemu moja inaweza kusafiri mbali nao; seng'enge ya shamba la mtu ni hatari kwa namna hiyohiyo. Msituni, tafuta sehemu yenye miti mifupi iliyo sawa kwa urefu, mbali na shina lolote. Chuchumaa, miguu pamoja, visigino vikigusana, kichwa chini, mikono masikioni. Usilale chini. Radi ikipiga ardhi, umeme hutambaa, na kadiri sehemu za mwili wako zinazogusa ardhi zinavyoachana, ndivyo unavyokupitia. Ng'ombe hufa wengi kwa sababu miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali. Kama mko kundi, achaneni hatua ishirini hivi, ili mmoja akipatwa wengine wabaki wa kumsaidia.

Aliyepigwa na radi habebi umeme mwilini. Mguse. Kama hapumui na moyo umesimama, anza kubonyeza kifua mara moja, katikati, kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha, huku mwingine akipiga 112 au 999, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Wengi wanaopigwa hupona wakihudumiwa mapema.

Saa ya kurudi majini ni dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Ikilia nyingine dakika ya ishirini na tano, anza upya. Kunywa chai.

Hatua ya 6: Mto unapojaa, na ziwa linapochafuka

Dalili za mto kujaa huja kwa mpangilio ambao ukishaujua huusahau. Kwanza majani na vijiti vilivyokuwa vimekauka ukingoni huanza kuelea na kupita. Kisha maji hubadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Kisha sauti hubadilika, inakuwa nzito, kwa sababu mawe yanabingirika chini. Ukifika kwenye sauti hiyo ukiwa bado ndani ya maji, umechelewa. Ondoka kwa kupanda juu, si kwa kufuata mto kwenda chini. Maji ya magotini yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima. Ukikwama ng'ambo, baki ng'ambo. Mito ya Aberdare ni mifupi na yenye mteremko mkali, hujaa haraka na kupungua haraka. Saa kadhaa za baridi ni bei nafuu.

Kumbuka pia kilele cha maji hufika baada ya mvua kukatika. Jua likitoka na ndege wakaanza kuimba, mto unaweza kuwa bado unapanda. Kwenye msitu, mvua ikipiga majani tembo na nyati hawakusikii wala wewe huwasikii. Ukitembea kurudi garini, ongea kwa sauti.

Naivasha ni jambo jingine. Pale adui ni upepo. Ziwa huamka limelala kabisa, na mchana mawimbi huinuka ghafla hasa mawingu yanapojengwa juu ya kingo za bonde. Vaa boya la kujiokolea, usilikalie. Upepo ukianza, elekea ufuo ulio karibu, hata kama si kule ulikoegesha gari, utarudi kwa bodaboda. Elekeza pua ya mashua kwenye mawimbi, kaeni chini. Na mnapokaribia nchi kavu, punguzeni mwendo: ziwa lilipopanda mwaka 2020 lilimeza mashamba, nyua na migunga, na visiki pamoja na nguzo za seng'enge viko chini ya maji mahali usipovitarajia. Usijifiche ndani ya mafunjo wala kwenye zile njia zilizokanyagwa kati yake. Njia hizo zina wenyewe, na kiboko hapishi mtu. Jioni ikikaribia ndiyo saa yake ya kutoka.

Hatua ya 7: Kumbikumbi wametoka

Hii ndiyo saa uliyoingoja garini. Ngurumo imekoma nusu saa, jua limepenya au jioni imeanza kuingia. Wapo kumbikumbi wanaotoka jua likiwaka baada ya mvua na wapo wanaosubiri giza, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Watazame ardhini kwanza. Kwenye kichuguu au kwenye nyasi fupi utaona matundu yamefunguliwa na mchwa wafanyakazi wamesimama kando kama walinzi, kisha wenye mabawa wanasukumana kutoka. Wanapanda jani la nyasi, wanatikisika, wanaruka. Watoto wa kijiji wataona kabla yako, na watakuja na sufuria.

Kama chambo hai kinaruhusiwa, okota wachache, waweke kwenye kopo lenye nyasi kavu. Wawili kwenye ndoano ndogo, bila chubwi, bila boya. Chomeka pale kifua kinapokutana na tumbo, ndipo panaposhika.

Kama ni nzi bandia tu, chukua ndoano namba 10 au 12, mwili wa uzi wa kahawia, na kipande cha unyoya mweupe kilicholala mgongoni. Kikae usoni pa maji, kilowe kidogo. Usikivute. Kumbikumbi aliyeanguka majini hatembei, anazunguka mahali pamoja, na samaki aliyekwisha kula wengi anajua.

Bwawani, simama upepo ukikupiga mgongoni. Upepo huo ndio unaowapeleka kumbikumbi kutoka nyasini hadi majini, na wengi huanguka karibu na ukingo, ndani ya umbali ambao hata mtu asiyejua kutupa anaufikia. Kosa la kawaida ni kutupa mbali. Utaona watu wakirusha mshipi katikati ya Sasumua huku trauti wakinyonya wadudu hatua tano kutoka miguuni mwao. Rudi nyuma kidogo kutoka ukingoni, piga goti, tupa kwa ufupi. Angalia kinachoelea: ukiona kumbikumbi wazima, bado, ukiona mabawa matupu yamejaa usoni pa maji na miili hakuna, karamu inaelekea mwisho au imehamia ng'ambo ile mabawa yanakopelekwa. Hama nayo.

Mtoni, mambo hutegemea rangi. Kama kijiti chako kimezama, usiingie majini kabisa, vua ukiwa nchi kavu. Kama maji yameshakuwa mazito, trauti hamwoni mdudu juu. Badili uweke nzi mkubwa mweusi wa kuzama, umpitishe taratibu kandokando ya ukingo, nyuma ya mawe na mizizi, ambako samaki hukimbilia mkondo unapokuwa mkali. Lakini tafuta kwanza kijito kidogo kinachoingia mtoni kikiwa bado safi. Pale maji mawili yanapokutana, kwenye mstari kati ya safi na chafu, ndipo ningeanza mimi siku yoyote.

Ukipata samaki na ukaamua kumla, mpasue tumbo palepale. Tumbo la trauti aliyekula kumbikumbi huwa gumu, limejaa miili ya kahawia iliyoshikamana, mabawa machache sana. Ukikuta vidudu vidogo vyenye mikia badala yake, badili nzi wako ufuate tumbo hilo.

Hatua ya 8: Wadudu wasiovuliwa

Nairobi flai hutokea kwa wingi wakati uleule wa mvua. Ni mdudu mwembamba kama sentimita moja, mweusi na mwekundu kwa zamu, anayedhaniwa kuwa siafu. Haumi wala hachomi. Sumu yake iko ndani ya mwili na hutoka akipondwa, kwa hiyo usimpige akikutembelea shingoni. Mpulize, au mwache apande karatasi. Ukishamponda, osha kwa sabuni na maji mengi mara moja, usiguse macho, na ufue nguo. Malengelenge hujitokeza baada ya siku moja au mbili. Yakiwa karibu na jicho nenda hospitali. Anafuata mwanga, hivyo zima tochi ya kichwani usipoihitaji, na kama mnapiga kambi taa iwe mbali na mlango wa hema.

Siafu huhama mvua ikilowesha mashimo yao. Angalia unaposimama na unapoweka mkoba; kumbikumbi walioanguka chini huwaita. Usubi wa mito ya kasi huuma asubuhi na jioni na kuacha doa la damu. Mikono mirefu ya shati inatosha.

Hatua ya 9: Barabara

Usiwe na haraka ya kuwahi Nairobi kabla ya giza. Kati ya Flyover na Kimende ukungu hushuka baada ya mvua hadi huoni taa za lori lililo mbele yako. Taa ndogo za ukungu, mwendo wa pole, na usipite gari jingine. Anayetoka Naivasha asichague barabara ya chini ya Mai Mahiu kama imenyesha sana juu ya ukingo: tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokusanyika huko juu yalishuka usiku na kusomba nyumba, magari na makumi ya watu. Pita ya juu, hata kama foleni ni ndefu. Barabara za udongo za Kinangop huteleza hata kwa gari lenye gia za magurudumu yote. Ukikuta daraja dogo limefunikwa na maji na huoni kingo zake, geuza, lala Njabini.

Nyumbani, fungua rili yote, suuza mshipi kwa maji safi, uanike kivulini. Mkebe wa nzi bandia uache wazi usiku mzima, la sivyo ndoano zitakuwa na kutu kufikia Jumamosi.